Mipira mikubwa kwenye pikapu: tuhesabu kwanza kabla ya kumlaumu shofere

Masika ikianza, barabara za udongo zinazoingia Kalemie zinageuka potopoto. Reli ya kutoka Kabalo inafika hapa tangu 1915, lakini gunia la mihogo halitembei lenyewe kutoka shambani mpaka stesheni ao bandarini. Ndiyo maana pikapu ya chama ni mali ya watu wote, na ndiyo maana shauri hili linakuja haraka: "Tuvalishe gari mipira mikubwa, haitakwama tena."

Mipira inanunuliwa. Mwezi unapita. Mweka hazina anafungua kaye ya mazutu na anashituka: kilometa zimepungua, mazutu imeongezeka. Kwenye mkutano maneno yanakuwa makali.

"Papa Shofere, mazutu ilienda wapi?"

"Mama Prezida, sikuuza hata lita moja!"

Wandugu, chama kinaweza kuvunjika juu ya bidoni moja ya mazutu. Kabla ya kumfukuza mtu, tuangalie kwanza mpira wenyewe.

Kontere haioni barabara

Kontere ya kilometa inahesabu mizunguko tu. Imetengenezwa kwa kimo cha mpira uliotoka na gari kiwandani. Mpira mkubwa ukizunguka mara moja unakwenda mbali zaidi, lakini kontere haijui. Inaandika kilometa chache kuliko zile gari ilizotembea.

Tuchukue mfano. Kwenye ubavu wa mpira wa zamani imeandikwa 265/70R16. Namba 265 ni upana kwa milimeta. Namba 70 inasema kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo. Namba 16 ni kipenyo cha janti kwa inchi. Ukijumlisha janti na ubavu wa juu na wa chini, mpira una kimo cha milimeta 777. Mpira mpya wa 285/75R16 una milimeta 834. Tofauti ni asilimia 7 hivi.

Sasa tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 300. Na mipira ya zamani gari ilikula lita 36, yaani lita 12 kwa kilometa 100. Na mipira mipya, barabara ni ileile, lakini kontere inaonyesha 280 tu, na mazutu iliyotumika ni lita 39.

Mweka hazina anapiga hesabu: kilometa 280 zingekula karibu lita 34. Kwa hiyo anaona zaidi ya lita 5 "zimepotea". Lakini gari ilitembea kilometa 300, na safari hiyo ilikuwa inakula lita 36 tangu zamani. Kilichoongezeka kweli ni lita 3. Zingine zilipotea kwenye karatasi tu.

Zile lita 3 zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye mpira. Mpira mkubwa ni mzito, na kila mara gari inapoondoka kutoka kusimama, motere inatumia nguvu zaidi kuuzungusha. Meno makubwa ya potopoto yanajikunja na kusuguana na barabara ngumu, na nguvu inapotea hapo. Tena, gurudumu refu ni kama kuendesha kwa gia ya juu zaidi: kwenye mlima, na mzigo nyuma, motere inachoka, na shofere anarudisha gia chini mapema.

Kwenye barabara tambarare isiyo na mzigo, gia hiyo ndefu inaweza kusaidia kidogo. Lakini pikapu ya mkulima haitembei bila mzigo, na njia zetu si lami.

Je, inafaa kununua?

Tuhesabu kwa gunia. Kama pikapu inabeba magunia 12, lita 3 za nyongeza ni robo lita kwa kila gunia. Faida yake ni nini? Katika mfano wetu, gari inapanda juu kwa nusu ya tofauti ya kimo, yaani chini ya sentimeta 3. Kama kinachokwamisha gari ni mawe na mifereji mirefu, hizo sentimeta zinaweza kusaidia. Kama ni utelezi, kinachosaidia zaidi ni meno mazuri, na hayo mnaweza kuyapata kwenye mpira wa kimo kilekile cha kiwandani.

Kama mmekwisha kubadilisha

1. Pimeni. Pakieni gari mzigo wa kawaida, wekeni alama ya chaki kwenye mpira na chini, sukumeni gari mpaka alama irudi chini, kisha pimeni umbali kwa metre. Fanyeni hivyo na mpira wa zamani pia. Gawanyeni umbali mpya kwa ule wa zamani, na mzidishe kilometa za kontere kwa jibu hilo.

2. Andikeni kwenye kaye tarehe ya kubadilisha mipira. Msilinganishe mwezi wa kabla na mwezi wa baada bila kusahihisha kilometa.

3. Pimeni upepo asubuhi, mpira ukiwa baridi. Mpira laini unakula mazutu, uwe mkubwa ao mdogo.

4. Mipira yote minne iwe ya kimo kimoja, na ya akiba pia. Kwenye gari ya kuvuta magurudumu manne, vimo tofauti vinaharibu gia.

5. Shofere apunguze mwendo. Kontere ya mwendo ikionyesha 60, gari iko karibu na 64, na breki zinapata kazi kubwa zaidi kuisimamisha.

Na kama, baada ya kusahihisha yote, mazutu bado inapungua bila sababu, hapo ndipo kamati iulize maswali. Lakini iulize ikiwa na kaye mkononi, mbele ya shofere, na hesabu ambayo yeye mwenyewe anaweza kuifuata.