Maoni Makali Mtandaoni: Ni Kashfa au Si Kashfa? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwamba kashfa si kila neno linalouma; ni madai ya uongo yanayomshushia mtu heshima mbele ya wenzake. Tuchukue mfano wa Arusha, mji unaoishi kwa utalii. Mtu akiandika mtandaoni kwamba kampuni fulani ina magari mabovu na chakula kisicholika, hayo ni maoni yake. Mwingine aliyepanda gari hilohilo huenda akalisifu. Lakini mtu akiandika kwamba kampuni hiyo ilitoza wageni ada za hifadhi na haikuzilipa, ametaja jambo lililotendeka au lisilotendeka, na risiti zitaamua. Mpaka uko hapo. Ukali wa lugha hauusogezi, wala kutanguliza “kwa maoni yangu” hakuusogezi: “kwa maoni yangu mhasibu wao ni mwizi” bado ni tuhuma ya wizi.

Wapo wanaosema mtandao umebadili mambo, kwani neno la kilabu cha mbege liliishia kilabuni, la simu linafika Mwanza kabla ya magharibi. Ni kweli, na ndiyo maana fidia ipimwe kwa ukubwa wa madhara na mahakama iweze kuamuru andiko liondolewe. Lakini kasi ya neno haigeuzi maoni kuwa tuhuma, na hata tuhuma yenyewe haihalalishi jela kirahisi. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimhukumu mtu kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 7 kwa kumtukana Rais kwenye Facebook. Tarehe 5 Desemba 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao katika jiji hilohilo, ilikuwa imeshaamua shauri la Lohé Issa Konaté, mhariri wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12 kwa makala yaliyomhusisha mwendesha mashtaka na biashara ya noti bandia. Hayo hayakuwa maoni, yalikuwa tuhuma nzito za jinai. Hata hivyo majaji walisema kifungo kile kilikiuka uhuru wa kujieleza. Hawakufuta kosa la kashfa lote, na waliacha nafasi ya jela kwa mambo mazito kama uchochezi wa chuki. Basi ikiwa mwenye tuhuma hastahili jela, mwenye maoni anaifikiaje?

Atakayejibu kwamba maskini hana fedha za kufungua kesi ya madai ana hoja, ila dawa yake ni msaada wa kisheria na mashauri mepesi. Kumfunga msemaji hakumsafishi aliyesingiziwa. Mwaka 2023 Bunge liliiondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai ya Sheria ya Huduma za Habari. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachogusa taarifa za uongo, ni habari nyingine, nacho tutakichambua wiki ijayo.