Mgeni na Kasida Yake



Mwaka 2019 kijana mmoja niliyemsomesha chuoni kwangu alikwenda Ujerumani kwa masomo. Katika mji wa Leipzig alipokewa nyumbani kwa mzee mmoja na mkewe, Wakristo. Mji huo ni mji wa muziki. Hapo ndipo Johann Sebastian Bach alipofanya kazi tangu mwaka 1723 hata akafa mwaka 1750. Kila jioni, baada ya chakula, mzee hupiga piano na mkewe huimba.

Jioni ya kwanza kijana alitaka kuondoka, akaona haya, akaketi. Mzee alipomaliza akamwambia, "Mwanangu, sasa zamu yako. Kwenu mnaimba nini?"

Kijana hakuwa na ala, wala hakuihitaji. Alisoma beti za Burda, kasida ya Imamu Busiri wa Misri, kwa sauti ile tuisomayo katika maulidi yetu. Wenyeji walisikiliza kimya, kisha bibi akauliza, "Maneno hayo yana maana gani?"

Hapo ulimi ulimganda. Beti alizihifadhi, maana hakujua hata ya moja.

Aliniandikia kunieleza aibu yake, akauliza pia kama kuwasikiliza ni halali. Nilimjibu ya kuwa wanazuoni wamehitilafiana katika ala za muziki. Lakini imepokewa na Bukhari kuwa wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, na Sayyidna Abubakar alipokemea, Mtume s.a.w. alimwambia awaache. Basi asifanye haraka ya kuwahukumu waliomkirimu. Ajiepushe na maneno machafu na ulevi, na wakati wa sala ukiingia aombe radhi, ainuke.

Ama ile aibu, haikuwa yake, ilikuwa yangu. Miaka mingi niliwahifadhisha watoto sauti, nikasema maana watajifunza ukubwani. Nilimwandikia maana ya beti zile, na habari ya Busiri, mtu wa karne ya 13, ambaye imesimuliwa kuwa alipooza, akamsifu Mtume, akamwona usingizini akimfunika burda, akaamka mzima. Kijana akawasomea tena kwa maana, naye mzee akamfasiria maneno ya nyimbo zake.

Enyi vijana, msisafiri na sauti tupu. Nasi waalimu, tusiwafunge mizigo wasiyojua kilichomo ndani yake.

Wabillahi tawfiki.