Fahamu: Nchi ikijitoa kwenye jumuiya, mtafuta kazi anapoteza nini?

Nchi ikijitoa katika jumuiya ya kibiashara, watu hawaachi kuvuka mpaka kutafuta kazi. Wanachopoteza ni haki ya kufanya hivyo. Ukiwa Lowarengak, kando ya Ziwa Turkana kaskazini mwa Kenya, tofauti hiyo iko karibu, ng'ambo ya mipaka: Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilhali Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016. Itifaki ya Soko la Pamoja ya jumuiya hiyo, inayotumika tangu Julai 2010, imeweka msingi wa wafanyakazi kuhama kati ya nchi wanachama. Nayo Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inampa mkimbizi wa kambi ya Kakuma anayetoka nchi mwanachama nafasi ya kuacha hadhi ya ukimbizi kwa hiari, ili anufaike na haki za jumuiya. Nchi yake ikijitoa, msingi wa nafasi hiyo unaondoka.

Wapo wanaosema kujitoa hurudisha uhuru wa kuamua nani aajiriwe, wakitaja Tanzania iliyoondoka COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000. Lakini Tanzania ilibaki katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ilihama chumba, haikutoka nyumbani. Kinyume chake, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983, na watumishi wa zamani wa jumuiya hiyo wakadai mafao kwa miaka mingi. Uhuru unaomwacha mfanyakazi bila haki ni uhuru wa serikali, si wa wananchi.