Kisu kinachochoma kikiwa kimefungwa

Dilolo ni mji wa magunia. Luau ya Angola iko ng'ambo tu ya mpaka, na reli ya Benguela, iliyounganishwa na Katanga mwaka 1931, ikakatika kwa vita vya Angola kuanzia 1975, kisha mwaka 2018 ikaanza tena kubeba manganizi ya Kisenge, imewazoesha watu wa hapa kupakia na kushusha. Penye gunia pana kamba, na penye kamba lazima kuwe na kisu karibu.

Kisu cha kukunja kinachojulikana zaidi ukanda huu wa kusini ni Okapi: mpini wa mbao uliopambwa kwa mwezi na nyota, na pete ya kuvuta mgongoni. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, muda mfupi tu baada ya wataalamu wa Ulaya kumtambua mnyama okapi, ambaye porini haonekani popote ila Kongo. Tangu 1988 kinatoka Afrika Kusini. Mnyama wetu kazunguka dunia, akarudi mfukoni mwetu na meno.

Meno hayo yana tabia moja mbaya. Kisu kikitumika sana, au kikiwa cha bei ya chee tangu dukani, ncha inaanza kuchungulia nje ya mpini hata kikiwa kimefungwa. Milimita moja inatosha kutoboa mfuko na paja lililo nyuma yake. Na kidonda kidogo kisidharauliwe: vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo, na kisu cha shambani hakikosi udongo.

"Papa, hii kisu inanitobolaka tu," kijana mmoja alimlalamikia fundi sokoni, akitaka ncha ikatwe basi yaishe. Mzee alikifunga, akakifungua, akakifunga tena mbele ya uso wake. "Shida haiko ku ncha," akasema. "Iko ku kisigino."

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu visu vyao. Kwenye shina la bapa, milimita chache kutoka kwenye ribiti ambayo bapa linazungukia, kuna kinundu upande wa makali. Hicho ndicho kisigino. Kisu kikikunjwa, kisigino hutua juu ya springi na kulizuia bapa lisiendelee kushuka. Kikiwa kirefu kupita kiasi, bapa lote linabaki juu, na mwisho wake wa mbali, yaani ncha, ndio unaotokeza zaidi. Kwa hiyo dawa ni kupunguza kisigino kwa tupa laini au jiwe, si kugusa ncha.

Ila punguza kwa hofu. Chukua bapa la sentimita nane ambalo kisigino chake kiko milimita nane kutoka kwenye ribiti. Ukiondoa sehemu moja ya kumi ya milimita pale chini, ncha inazama milimita nzima. Mipigo miwili mitatu ya tupa, futa vumbi la chuma, funga, angalia. Fundi yule alifunga na kuangalia mara nyingi kuliko alivyopiga tupa, na mwenye kisu akaanza kuchoka.

Ukizidisha, makali yatagonga springi kila unapofunga na kisu kitakuwa butu mahali pamoja, hata ukikinoa asubuhi na jioni. Kuna kipimo rahisi: laza kipande cha karatasi ya sigara ndani ya mfereji wa mpini, kiache kisu kijifunge chenyewe kwa nguvu yake, kisha itoe. Ikiwa na mkato, makali yanafika chini. Usikishushe polepole kwa mkono wakati wa kupima, maana kikijifunga kwa kishindo springi hunesa na bapa huzama zaidi ya pale linapotulia.

Kuna ncha nyingine ambazo kisigino hakina hatia nazo. Kisu kimetumika kama bisibisi, ncha imevunjika, na mtu wa mashine akaichonga upya haraka kwa kula upande wa makali. Ncha mpya ikahamia juu, usawa wa mgongo, na haifichiki tena. Hapo kweli kazi iko kwenye ncha: chonga kutoka mgongoni kuelekea makali mpaka ishuke, na lichovye bapa majini kila mara. Chuma kikigeuka buluu, ugumu wake umeondoka na hakuna kinoo kitakachourudisha.

Msimu wa mvua una ujanja wake pia. Mpini wa mbao ukilowa huvimba, mfereji unabana, na bapa linakwama kabla ya kutua. Kisu cha namna hiyo kikaushe kivulini siku mbili kabla ya kushika tupa.

Na kama kisigino kimeshaliwa kupita kiasi? Kukiponda kwa nyundo ili kinyanyuke wengine hujaribu, lakini chuma kilichokazwa hupasuka. Kwenye mpini wa mbao ambao mfereji wake una sakafu ya mbao, gundisha kipande chembamba cha ngozi ya kiatu pale ncha inapolala. Kitavumilia miezi kadhaa, kisha utakibandua na kubandika kingine.