Kitabu Kama Mlezi: Amri Abedi na Upweke wa Mshairi wa Bara

Katika karne ya 19, Kiswahili kilifika Tabora na Ujiji pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Lugha ilisafiri na wapagazi na wafanyabiashara. Malezi ya ushairi hayakusafiri kwa wepesi huohuo. Lamu na Mombasa, mwanagenzi aliweza kukaa karibu na malenga, akasikiliza, akaghani na kusahihishwa papo hapo. Mtunzi wa bara mara nyingi hakuwa na baraza la namna hiyo.

Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924 na kusoma Tabora, ni zao la njia hiyo. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), huhesabiwa kuwa nguzo ya wanamapokeo. Makala haya yanakitazama kwa namna nyingine: kama mlezi wa mshairi aliye peke yake.

Muundo wake unaunga mkono mtazamo huo. Sheria zinatangulia, diwani inafuata, kama fundi anavyoeleza kazi kisha akaitenda. Mizani huhesabika bila mwalimu. Vina hukaguliwa kwa jicho na sikio. Hata sharti lake mashuhuri, kwamba shairi lisiloimbika halina maana, lina thamani ya kimalezi: mtunzi mpweke huweza kujiimbia beti zake na kugundua zinapokwama. Hivyo upweke si kuikimbia jamii, bali ni nafasi ya kujisahihisha kabla ya kuikabili hadhira, iwe barazani au katika gazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923.

Mtazamo huu unagusa mgogoro wa miaka ya 1970. Kichomi (1974) cha Kezilahabi kilipoacha urari wa vina na mizani, watetezi wa mapokeo walizishika kanuni hizo kuwa mpaka wa ushairi wenyewe. Mulokozi na Kahigi waliupinga mpaka huo katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979). Ni kweli kwamba Amri mwenyewe aliziita sheria. Hata hivyo, kipimo cha kumfunzia mwanagenzi hakilazimiki kuwa ukomo wa sanaa. Malezi hutimia pale mtunzi anapoweza kuihukumu kazi yake mwenyewe, hata akiamua kukiacha kipimo alichofunzwa nacho.