Je, damu yaweza kusema kwamba mgonjwa wa baipola amezidiwa?

Mwezi huu tunalishika swali la familia zinazouguza: ikiwa malaria hupimwa kwa tone la damu, mbona ndugu yetu mwenye baipola hapimwi?

Baipola ni ugonjwa wa moyo kujaa na kupwa kama maji ya ghuba ya Tungue, ila huu hauna kalenda. Ukijaa, mtu halali siku mbili tatu na wala hachoki, anasema mfululizo, anagawa vyombo vya nyumba. Ukipwa ndiyo sonona: chakula hakitaki, watu hawataki, pengine anatamani kufa. Kwetu wengi husema ni majini, na mgonjwa hufungwa kamba. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Majini wa Palma hawawezi kuwafikia wote hao!

Sasa damu. Kinga ya mwili ina askari wake. Wakiona vijidudu au jeraha hupelekana habari, na ini likipata habari hizo humwaga katika damu protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 kwa wagonjwa wa nimonia. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya tafiti nyingi wakazilinganisha. Walikuta CRP ya wenye baipola iko juu kuliko ya watu wengine, na wakati wa kujaa hupanda zaidi kuliko wakati wa kupwa au wa kutulia. Maana yake mwili nao umo katika ugonjwa huu. Si ukaidi wala malezi mabaya.

Lakini CRP hiyo hiyo hupandishwa na malaria, na jino bovu, na kidonda cha mguu, hata na unene. Katika mwambao wenye mbu kama wetu haiwezi kumtenga mwenye baipola. Tena haijajulikana kipi kinatangulia, askari kuchachamaa au akili kuchafuka. Basi mtu akikwambia uuze simu ulipie kipimo cha damu cha kuonyesha baipola, usiuze.

Kipimo chenye faida ni cha wanaotumia lithiamu, dawa ya jamii ya chumvi ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949. Inasaidia sana, ila ikizidi katika damu ni sumu. Kuharisha, kutokwa jasho jingi bila kunywa maji, na vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huizidisha. Mgonjwa akitapika, akitetemeka sana au akiyumba kama mlevi, apelekwe kituoni kabla ya kumeza kidonge kingine. Na anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na mhudumu mapema, asingoje mwezi uandame.

Jambo jingine ni usingizi. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, wengi walipitisha usiku kadhaa porini, wengine Quitunda, macho makavu. Kukosa usingizi peke yake kwaweza kumwamsha mgonjwa aliyekuwa ametulia. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa ihesabu usiku: akikosa kulala usiku mmoja muulizeni, ukiwa wa pili mpelekeni.

Na tahadhari kubwa kuliko zote: mtu mwenye homa akianza ghafla kusema ovyo, msiseme baipola yake imerudi. Huenda ni malaria iliyopanda kichwani, nayo huua upesi. Apimwe malaria saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Msumbiji imefundisha mateknika wa saikiatria tangu mwaka 1996, na hao ndio wa kuwaulizia katika vituo vya serikali. Mkifika mwelezeni siku ambazo mgonjwa hakulala, kama ana homa, na mwonyesheni dawa zote anazomeza, za mganga nazo pia.