Mawimbi Yapo, Intaneti Haipo
Wengi huilaumu kompyuta pindi intaneti inapokosekana ilhali alama ya mawimbi imejaa. Yafaa ikumbukwe kwamba alama hiyo huthibitisha jambo moja tu: kompyuta na ruta ya nyumbani zinasikilizana. Njia itokayo katika ruta kwenda nje ni nyingine kabisa.

Kwanza, tazama anwani ya kompyuta. Ikianza kwa 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa kupewa na ruta. Zima ruta, kisha uiwashe. Ikianza kwa 192.168, kwa kawaida ruta imejibu. Hapo unganisha simu na ruta hiyo, data ya simu ikiwa imezimwa. Simu nayo ikikosa intaneti, kompyuta haina hatia: usinunue nyingine, bali mwarifu mtoa huduma.